Breki za Mzee Kipngeno

Nasimiyu alijua kosa lilipo kabla hajafungua hata nati moja.

Alilijua tangu mchumba wake, Kibiwott, alipompigia simu kumwambia kwamba ndugu zake wamepata mnunuzi wa lile gari la baba yao, bwana mmoja wa Nakuru aitwaye Gachanja, na kwamba bwana huyo hataki kulisikia mpaka fundi akague breki. Alilijua njia nzima kutoka Bungoma, kisanduku cha spana kikiwa magotini. Na alipofika shambani kwao Kibiwott, nje ya mji wa Kitale kwa barabara ya Endebess, akaliona lile gari jekundu limesukumwa kando ya ghala la mahindi, pua imekunjwa, taa moja imepasuka, na kuku amejifanyia kiota kwenye kiti cha dereva, moyo ulimshuka kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari.

Lilikuwa MG la milango miwili, la kutoka Uingereza, lenye umri mkubwa kumzidi yeye. Mzee Kipngeno alilinunua ujanani kwa daktari wa mifugo aliyekuwa akirudi kwao, na ndani yake ndimo alimomleta mkewe nyumbani kutoka hospitali na kila mtoto aliyezaliwa. Kwa miaka mingi lilikuwa limelala. Kisha mwaka jana mzee akasikia kwamba kule Bungoma, karibu na Kanduyi, kuna msichana anayetengeneza breki za magari ya zamani, yale ambayo mafundi wengine huyakimbia. Akalipeleka likiwa limebebwa juu ya lori, Kibiwott akiwa ameketi kando ya dereva. Hivyo ndivyo walivyojuana.

Nasimiyu alikuwa amefundishwa na mjomba wake Wangila, na mjomba alikuwa na usemi mmoja aliompigia masikioni tangu akiwa na miaka kumi na sita. Gari likikataa kuwaka, mwenyewe atakasirika. Likikataa kusimama, mwenyewe atakufa. Ndiyo sababu fundi wa breki hana haki ya kusema "itashika tu."

Na yeye alikuwa amesema.

Kibiwott alimpokea langoni. Alikuwa mrefu, mpole wa macho, mwenye tabia ya kukuangalia mpaka umalize kusema ndipo naye ajibu. Alimpokonya kisanduku, vidole vyao vikagusana, naye akavishikilia vidole vyake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Umekonda," alimwambia.

"Ni kazi."

"Kazi gani inakula mtu hivyo? Ama ni mimi?"

Nasimiyu alitabasamu, kisha akatazama kando. Kwa miezi minane sasa kila alipotazamwa kwa upendo na mwanamume huyu, aliona aibu kama mtu anayekula chakula alichowekewa mwingine.

Mama yake Kibiwott, Jepkoech, ambaye wote walimwita Mama Kipketer kwa jina la kifungua mimba wake, aliwaletea chai pale ghalani. Alimsalimia Nasimiyu kwa maneno yote yanayotakiwa, bila kukosa hata moja, na bila hata moja kuwa na joto. Hakuwa ameficha kwamba hamtaki. Alishamwambia mwanawe kwamba hakuzaa kijana, akamsomesha, ili aje kuolewa na gereji. Msichana wa Bungoma, vidole vinanuka oili, atapika nini? Aliyemtetea nyumba nzima alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Kipngeno. Mzee alikuwa amesema mbele ya wanawe wote kwamba mtu anayeweza kusimamisha gari anaweza kusimamisha nyumba.

Mzee mwenyewe alitoka nje pole pole akiegemea magongo yake mawili, mguu wa kulia umekakamaa tangu pajani. Kibiwott alimwekea kiti, akamkalisha, akamfunika magoti, kisha akaenda zizini kumsaidia mchungaji kuwanywesha ndama dawa. Wakabaki wawili.

Nasimiyu alitandaza gunia, akaanza. Alitoa magurudumu, akakagua diski za breki za mbele na zile drami, ngoma za breki za nyuma. Zote zilikuwa nzima, alivyoziacha. Kisha akafungua masta ya breki, ile silinda ndogo ambayo mguu wa dereva unaisukuma ili mafuta yaende kubana magurudumu yote manne. Katika magari yale ya zamani ni moja tu. Ikikataa, yote manne yanakataa.

Akaivuta pistoni. Raba ya kuzuia mafuta ikatoka nayo.

Ilikuwa imevimba, na mdomo wake umejikunja kwa nyuma. Hivyo mzee alipokanyaga, mafuta yalirudi yalikotoka badala ya kwenda magurudumuni. Nasimiyu aliishika kwenye kiganja. Haikuwa raba ya gari hilo. Aliitoa yeye mwenyewe kwenye klachi ya pikapu kuukuu, ikatoshea kwa kipimo, akaiweka iwe ya muda wakati akingoja zile halisi kutoka Uingereza. Na zile halisi zilifika. Zilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya mzee kuja kulichukua gari lake. Zilikuwa ndani ya droo zikiwa bado na karatasi.

Jumamosi ile mzee alikuja na Kibiwott, amevaa suti, amenyoa, anataka kumpeleka mkewe kanisani kesho yake kwa gari lake. Nasimiyu alipaswa kumwambia kwamba bado, arudi Jumatatu. Lakini Kibiwott alikuwa amemnong'oneza kwamba mzee akishaondoka na gari, yeye atabaki Bungoma mpaka jioni, na angependa wapande pamoja kilima cha Sang'alo, ana jambo la kumuuliza. Kama gari lisingekuwa tayari, baba na mwana wangerudi Kitale pamoja. Nasimiyu aliutazama uso ule, akatazama funguo, akajiambia kwamba ile raba ya pikapu itashika wiki moja bila shida.

Walipokuwa juu ya Sang'alo, Kibiwott alimuuliza kama angekubali kuwa mke wake. Alikubali. Walipokuwa wakishuka, wameshikana mikono, simu ikalia. Mzee alikuwa ameshindwa kusimama kwenye mteremko wa kuingia daraja la Kamukuywa. Alikwepa kundi la watoto wa shule waliokuwa wakitoka michezoni, akaingia mtaroni. Watu walimkimbiza hospitali ya Lugulu, paja limevunjika mara mbili.

Sasa Nasimiyu aliichukua ile raba akaitia mfukoni mwa ovaroli, haraka, kabla hajajiuliza kwa nini.

"Fundi," Mzee Kipngeno aliita.

"Naam, Mzee."

"Kibiwott ako mbali?"

"Ako zizini."

Mzee alisogeza magongo yake, akayaweka sawa, akayasogeza tena. Alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa kuzunguka. Alisema ametaka kumuuliza jambo hili kwa miezi, kwa sababu yeye ni mtaalamu na si mtoto wake. Watoto wake wana jibu lao tayari. Yeye siku ile anakumbuka alikanyaga breki. Anakumbuka mguu ulizama mpaka chini, laini, kama kukanyaga matope. Alikanyaga tena, na tena. Lakini Kipketer anasema alikanyaga klachi. Wote wanasema hivyo. Nao ni watu wenye akili.

"Kwa hivyo niambie kama fundi," alisema. "Mtu anaweza kukanyaga klachi na aone kwa akili yake kabisa kabisa kwamba ni breki?"

Nasimiyu aliiweka pistoni juu ya gunia.

"Kwa sababu kama inawezekana," mzee aliendelea, "basi sijui ni nini ingine naona na haiko. Nimeacha kusoma somo kanisani. Naogopa nitasoma kitu haijaandikwa. Ng'ombe nahesabu, halafu namwambia mama ahesabu tena. Nikiweka chumvi, namuuliza kama nimeweka." Alijaribu kucheka. "Mguu si kitu, mwanangu. Mguu ni mfupa. Lakini kichwa kikienda, mtu anabaki na nini?"

Nasimiyu alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, mikono imelowa mafuta. Alifikiria kusema kwamba ndiyo, hutokea, hata kwa vijana. Sentensi moja. Gari lingetengenezwa, lingeuzwa, lingeenda Nakuru. Angeolewa katika nyumba hii, na kila asubuhi angemwona mzee huyu akimuuliza mkewe kama ameweka chumvi. Na mtu wa pekee aliyemtetea hapa ndiye angekuwa anaoza taratibu mbele yake kwa ajili ya ukimya wake.

Aliingiza mkono mfukoni.

"Mzee, haukukanyaga klachi."

"Unasema?"

"Ulikanyaga breki. Gari ndilo lilikataa." Alifungua kiganja. "Hii ndiyo ilikataa. Niliweka mimi. Haikuwa ya hili gari, na nilijua si ya hili gari. Zile za kweli zilikuwa kwa droo. Nilikuachilia uende nikijua."

Alimwambia yote, hata Sang'alo, hakuacha kitu. Mzee aliichukua raba, akaigeuzageuza karibu na macho. Nasimiyu alijikaza kusubiri tusi, au gongo.

"Sema tena," mzee alisema.

"Nini, Mzee?"

"Mguu wangu ulikuwa wapi?"

"Kwenye breki."

"Sema tena."

"Ulikuwa kwenye breki, Mzee. Mahali pake."

Mzee Kipngeno akafunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Ilimchukua Nasimiyu muda kutambua kwamba alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akainua kichwa akamwita mkewe kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu mwaka jana.

"Mama Kipketer, kuja usikie. Kuja na huyo kijana pia."

Walikuja wakikimbia, wakidhani ameanguka. Mama alikuwa na ungo mkononi, Kibiwott ana dawa ya ndama kwenye mikono ya shati. Mzee akamtaka Nasimiyu arudie mbele yao, naye akarudia akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Hili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Alimtazama mzee muda wote. Hakuthubutu kumtazama Kibiwott.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza. Hakupaza sauti.

"Miezi minane nimemkatia huyu nyama kwa sahani," alisema. "Anaweza kukata. Anaogopa kisu. Wewe ulikuwa unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unaona nikikata."

"Nilikuwa naona, Mama."

"Basi kwa leo, nenda."

Mzee alimzuia mkewe kwa kuinua kidole. Akasema hasira ataipata kesho, anaijua iko njiani, lakini leo wamwache kwanza afurahi. Akashika mkono wa mama akamwomba amsindikize mpaka zizini, akahesabu ng'ombe wake.

Kibiwott alimtoa Nasimiyu mpaka langoni. Alikibeba tena kisanduku cha spana, lakini safari hii alikiweka upande wa katikati yao. Walitembea kupita mahindi. Walipofika barabarani alisimama.

"Baba alipotoka hospitali tulifanya mkutano," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Kipketer alikataa kusema. Wote walikataa. Ni mimi nilisema. Nilimwambia baba yangu umezeeka, macho imeisha, akili inaruka, leta funguo. Nilinyoosha mkono. Alizitoa kwa mfuko akanipa kama mtoto ameshikwa na kitu ya wenyewe." Alikihamisha kisanduku mkono wa pili. "Na wewe ulikuwa jikoni unamimina chai. Mlango ulikuwa wazi. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukaleta chai."

"Nikaleta."

"Hiyo raba mimi naweza kuelewa, Nasimiyu. Mtu anakosea. Lakini uliniacha mimi nifanye kile kitu. Kila siku naamka nikikumbuka mkono wake ukitoa hizo funguo, na nilikuwa nafikiria nilifanya vizuri."

Nasimiyu alitaka kumwambia kwamba alinyamaza kwa sababu aliogopa kumpoteza, lakini aliona kwamba hiyo si sababu nzuri, na kwamba akiisema itakuwa kama kumtwika yeye sehemu ya mzigo. Kwa hiyo alisema pole. Alisema mara moja tu.

"Na ile siku ya Sang'alo?" Kibiwott aliuliza. "Ilikuwa nini, sasa?"

"Ilikuwa kweli. Ndiyo maana nilikosa. Sikutaka siku hiyo iondoke."

Kibiwott aliweka kisanduku chini kwenye nyasi, taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Akageuka akarudi kwa njia ile ile ya mahindi. Nasimiyu alimtazama mpaka shati lake likapotea kati ya mabua, na hata baada ya hapo alibaki akitazama.

Siku tatu hakulala vizuri wala hakula. Alipofungua gereji aliwaambia wateja wawili kwamba magari yao yatachelewa, akawaeleza kosa la ile raba na kwamba hatoi tena gari lisilokamilika, wakashangaa fundi anajishtaki bila kuulizwa. Alimwendea mjomba Wangila huko Chwele akamweleza. Mjomba hakumgombeza. Alimuuliza kama amemaliza kazi ya watu. Akasema hapana. Mjomba akasema basi hajamaliza kuomba msamaha.

Ijumaa mzee alimpigia simu. Hasira ilikuwa imefika kama alivyoahidi. Alimwambia kwa dakika kumi jinsi mguu unavyomuuma asubuhi, jinsi wale watoto wa shule walivyokuwa karibu, jinsi ambavyo angeweza kufa akiwa ameua. Nasimiyu alisikiliza yote bila kukata. Mwishowe mzee akasema kwamba Gachanja amejibiwa gari haliuzwi, na kwamba Jumanne aje na raba za kweli, amalize alichoanza. Kuhusu Kibiwott hakusema lolote, naye Nasimiyu hakuuliza.

Jumanne alikwenda. Mzee alikuwa kibarazani, akamwitikia salamu bila kumpa mkono. Nasimiyu alipiga magoti juu ya gunia lile lile. Alibadilisha raba zote, za masta na za kila gurudumu, akaosha kila kitu kwa spiriti, akafunga mipira mipya ya kupitishia mafuta. Kila nati aliijaribu mara mbili. Saa ya chakula ilipopita hakuacha.

Ilipofika alasiri alikwama. Mafuta mapya yakishatiwa, ni lazima hewa yote itolewe kwenye mabomba, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa ndani akikanyaga, mwingine hulala kwenye gurudumu akifungua na kufunga nati ndogo ya kutolea hewa. Mzee hakuweza kwa mguu ule. Nasimiyu alisimama kando ya gari akijipangusa mikono, hajui amwite nani.

Mama Kipketer alikuwa akianika mtama karibu. Alimtazama, akamwaga mtama wa mwisho kwenye turubai.

"Jumapili Mzee alisoma somo," alisema, kama anayeongea na mtama. "Hakukosa hata neno moja." Kisha akajikung'uta vumbi. "Sijakupenda. Lakini ulikuwa unaweza kunyamaza na hatungejua. Ngoja nikuitie mtu."

Nasimiyu alidhani atakuja mchungaji. Alikuja Kibiwott.

Alifungua mlango, akamfukuza kuku, akaketi kwenye kiti cha dereva na kuweka mguu kwenye breki. Nasimiyu alizunguka mpaka gurudumu la nyuma la upande wa mbali, akalala ubavu, akaingiza mpira wa kutolea hewa kwenye chupa.

"Kanyaga," alisema.

Akakanyaga.

"Shikilia."

Akashikilia. Mapovu yalitoka, yakapanda kwenye chupa, yakaisha.

"Achia."

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwepo kati yao kwa karibu saa nzima. Kanyaga, shikilia, achia. Mwanzoni yeye peke yake ndiye aliyesema. Kwenye gurudumu la tatu Kibiwott akaanza kujibu. "Nimeshika," alisema, kwa sauti ya kazi tu, lakini Nasimiyu akiwa pale chini kwenye vumbi aliisikia ikipita kifuani mwake. Kwenye gurudumu la nne hapakuwa na povu hata moja.

"Imegota," Kibiwott alisema. "Imekuwa ngumu."

"Kanyaga tena."

"Ni ngumu. Iko juu."

Nasimiyu aliinuka, akaja mpaka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu siku ile. Kibiwott alikuwa na macho ya mtu ambaye naye hajalala.

"Lile swali nilikuuliza," alisema, mguu ungali juu ya breki. "Nimelirudisha."

"Najua."

"Sijasema sitauliza tena. Nasema kwa sasa sina."

"Nimeelewa."

"Na wewe usiningoje kwa sababu unahisi vibaya. Hiyo sitaki."

"Sitangoja kwa sababu hiyo," Nasimiyu alisema.

Kibiwott alimtazama mpaka alipomaliza, kama kawaida yake, na alipoona hana jingine akaitikia kwa kichwa. Nasimiyu alimwambia ashuke sasa, kwa sababu gari likitoka kwenye breki mpya, fundi hulijaribu peke yake. Kuna mteremko mzuri kutoka ghalani kwenda mtoni. Atashuka nalo polepole, mara tatu. Likishika mara zote tatu, ndipo mwingine aingie.

Kibiwott alifikiri. Mzee kule kibarazani alikuwa amesimama kwa magongo yake, anatazama. Mama alikuwa ameacha mtama.

Kisha Kibiwott akajivuta taratibu mpaka kiti cha pili, akaukunja mguu wake mrefu ndani, akavuta mkanda.

"Nimesema peke yangu," Nasimiyu alimwambia. "Sijalijaribu bado."

"Nimesikia."

Hakushuka. Nasimiyu aliingia, akafunga mlango, akawasha. Gari liliguruma, likajongea mbele kupita ghala, mpaka pale ardhi inapoanza kuinama na mto unapoonekana chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Kibiwott alikuwa ameweka yake magotini, haijashika chochote.

"Endesha," alisema.

Akaliachia lishuke.